Matema: Mji wa Ufukoni Utegemeao Miti



Msafiri atokaye Bujonde na kupitia Ipinda hufika Matema, mji mdogo wa Wilaya ya Kyela ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga kituo chao cha Langenburg kusini ya hapo, katika mwambao wa mashariki. Baadaye makao yao yakahamishiwa Tukuyu. Mgeni huvutiwa na ufuko wa mchanga na soko la Jumamosi, ambako vyungu vya akina mama wa Kikisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe.

Lakini tukumbuke kwamba mtumbwi huchongwa katika gogo moja la mti mnene uliokua kwa miaka mingi, na vyungu huchomwa kwa kuni. Miti ikiisha, soko nalo litadhoofika. Tena, mvua inyeshapo juu ya mteremko mtupu, mito hujaa mchanga na kufurika katika mashamba yetu ya mpunga.

Hivyo basi, kila chama na kianzishe kitalu cha miche. Wakulima wa kakao watanufaika pia, kwa kuwa mkakao hustawi kivulini.