Taa Inayovuta Dagaa

Wajukuu zangu, usiku wa giza tazameni ziwani kutoka mwalo wa Kibirizi. Mtaona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga. Wakishajazana chini ya taa, mvuvi huinua wavu. Hakuna aliyewaswaga. Wamekuja wenyewe.

Trojani nayo huvua watu hivyo hivyo. Ni programu inayojidai kuwa kitu kizuri: gemu ya bure, mkopo wa chapchap, au WhatsApp yenye madoido kuliko ile ya kawaida. Mwenye simu huiweka kwa mkono wake, nayo ikishaingia huanza kazi iliyoileta, yaani wizi wa taarifa.

Mwaka 2021, wataalamu wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky waliikuta trojani iitwayo Triada ndani ya FMWhatsapp, WhatsApp isiyo rasmi. Watu waliendelea kuchati bila wasiwasi, kumbe Triada ilikuwa ikipakua programu nyingine hasidi kimyakimya. Tena FMWhatsapp ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma SMS, na ruhusa hiyo ikawa ya trojani pia. Mwaka 2022 Triada ilikutwa ndani ya YoWhatsApp, na safari hii iliiba funguo za akaunti, zinazomwezesha mwizi kuitumia akaunti ya mtu.

Mtauliza, SMS zina nini? Humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki na za akaunti zenu. Anayezisoma anaweza kujifanya ni wewe.

Basi shikeni haya. Programu pakueni Play Store tu. Faili la programu linaloishia na .apk likitumwa kwenye kundi, hata na rafiki wa Ujiji mnayemfahamu, msilifungue, maana huenda naye hajui alichotuma. Gemu ikiomba kusoma SMS, ikatalieni: gemu na SMS wapi na wapi? Masasisho ya simu msiyaahirishe.

Na kama mmeshanaswa, zimeni data mara moja, ondoeni programu hiyo, kisha badilisheni maneno ya siri kwa kutumia simu nyingine. Namba za matapeli ziripotiwe kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Zaidi ya yote, mwambieni mzazi siku hiyo hiyo, msifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mwizi hunufaika na kila saa mnayokaa kimya.