Kati ya lumbesa na fungu

Kwenye magenge ya Dar es Salaam, bei ya fungu la nyanya haina haraka ya kupanda. Lilikuwa la 500 au la 1,000 msimu uliopita, na msimu huu pia ni la 500 au la 1,000. Chenji za kati ni shida, na mteja anayetoka kazini jioni hataki kusikia habari za shilingi 640. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Mavuno yakishamiri hupangwa nyanya nne chini na ya tano juu. Mvua za masika zikizidi, ukungu ukaingia mashambani na magari yakachelewa njiani, fungu hilohilo hubaki na nyanya tatu. Au zinabaki tano, ila zimekuwa ndogo. Mtakwimu atakayepita hapo bila mizani ataandika kwamba bei haijabadilika.

Hiyo ya kupunguza ukubwa ndiyo ngumu kuishtukia. Nyanya yenye upana wa sentimita 5 ina uzito wa gramu 65 hivi. Ya sentimita 6 hukaribia gramu 110, na ya sentimita 7 hufika 180. Uzito hukua haraka kuliko upana, na jicho la mteja aliyesimama barabarani huona upana tu. Nyanya tano za kundi la kwanza ni kama theluthi ya kilo. Tano za kundi la pili zimevuka nusu kilo. Mwenye genge analijua hili bila kuandika namba yoyote. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, hukaa na mzigo wake akiutenga: kubwa ngumu kwenye mafungu ya 1,000, za kati kwenye mafungu ya 500, zilizopasuka na zilizolainika zinamngoja mama lishe anayechukua ndoo nzima kwa bei ya kuelewana. Fungu likipangwa vizuri, ile kubwa kuliko zote hukaa kileleni, upande unaotazama barabara.

Jikoni nako tunapika kwa idadi. Pishi linataka kitunguu kimoja kikubwa, nyanya tatu, karoti mbili, viazi vinne, na kila mpishi anajua mwenyewe “kikubwa” ni kipi. Kwa makadirio, kitunguu maji cha wastani kina gramu 110 hivi, na kilichonona hufika 200. Karoti ya kawaida ni gramu 60 hadi 80, kiazi mviringo cha wastani 150, punje ya kitunguu saumu 3 hadi 5. Kwa hiyo kilo moja ya vitunguu ni kama tisa, ya viazi sita au saba, na ya karoti inaweza kufika kumi na tano. Mwenye kupikia watu wanne hapotezi kitu kwa kukadiria. Anayepikia wageni mia mbili kwenye shughuli, akiandikiwa “vitunguu mia”, anaweza kurudi nyumbani na kilo 10 au kilo 20, na tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mtu.

Halafu kuna maganda. Kilo moja ya viazi vidogo vya sentimita 4 ina ganda mara mbili ya kilo moja ya viazi vya sentimita 8, hata kama mmenyaji ana mkono mwepesi. Ndiyo maana mwenye banda la chipsi ni mnunuzi mkali kuliko mama wa nyumbani. Hanunui viazi kwa sura. Anataka vikubwa, virefu kidogo, vyenye macho machache, kwa kuwa kila ganda linaloingia kwenye ndoo ya taka amelilipia, na kijana anayemenya analipwa kwa muda, na vinane vidogo humchukua muda mrefu kuliko vinne vikubwa. Vidogo huachiwa wa fungu, wa futari na wa rosti.

Ukipanda ngazi moja kutoka kwenye fungu unakutana na sado, lile kopo la rangi la lita 4 ambalo limekuwa kipimo cha nusu ya vyakula vya nchi. Likijazwa viazi hadi ukingoni, huchukua kilo 2 na nusu hivi, maana sehemu ya kopo ni hewa iliyo kati ya kiazi na kiazi. Likiwekewa kilele hupita kilo 3. Kilele hicho ndicho mazungumzo yote: “Ongeza basi, mbona unanipimia kama hutaki?” Muuzaji huweka viwili, kimoja kikadondoka, mteja akakiokota na kukitia kwenye mfuko wake. Viazi vikubwa mno havipangiki vizuri ndani ya kopo dogo, huacha mapengo pembeni, kwa hiyo aliyechagua sado la viazi vikubwa mara nyingi ameondoka na kilo pungufu. Na yapo makopo ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Kwa nje ni sado, kwa ndani ni sado kasoro.

Lakini wizi wa kopo ni mdogo. Pesa yenyewe iko mwanzoni mwa safari, kwenye gunia.

Viazi vya Njombe na Mbeya, vitunguu vya Singida, Mang'ola na Ruaha Mbuyuni, karoti na kabichi za Lushoto, vyote huanza safari kwa vipimo vya ujazo. Nyanya za Ilula husafiri kwenye matenga ya mbao, na tenga ambalo fundi ameliongezea ubao mmoja pembeni linabaki kuitwa tenga. Gunia huhesabiwa debe 6. Likishonewa kilemba cha kamba au kipande cha gunia jingine juu yake, hupokea debe ya saba, ya nane na zaidi. Hiyo ndiyo lumbesa. Tuchukue mfano: dalali akimlipa mkulima shilingi 70,000 kwa gunia la kilo 100, kilo imeuzwa 700. Gunia likifungwa hadi kilo 140 kwa pesa hiyohiyo, kilo imeshuka hadi 500, na hakuna aliyetamka neno “kushusha”. Kilo 40 za juu zitauzwa mjini kwa sado na mafungu, kwa kuhesabiwa moja moja.

Mchumi atauliza kama bei ya gunia haipandi pale gunia linaponenepa. Hupanda, tena mahali ambapo wote wanauza lumbesa bei inayotajwa huwa tayari ni ya lumbesa. Tatizo ni nani anajua uzito. Dalali ameinua na kutazama magunia maelfu na kwa jicho anaweza kukisia kilo zake karibu kabisa. Mkulima huuza mara chache kwa mwaka, shambani, viazi vikiwa vimeshachimbwa na lori likiwa linanguruma. Akikataa kushona kilemba, dalali anavuka mfereji kwenda kwa jirani.

Si sahihi kuiona lumbesa kama ulafi mtupu. Dereva hutoza kwa gunia. Kuli hulipwa kwa gunia, kupakia na kushusha. Mageti mengi ya ushuru hukadiria kwa gunia. Dalali wa sokoni hukata chake kwa gunia. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili, akishaona kila gharama inahesabiwa kwa gunia, atatafuta gunia kubwa kuliko yote duniani. Anayebeba hasara nyingine ni kuli, kwa mgongo wake. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kama mzigo wa juu wa mwanamume mzima kubeba kwa mikono.

Sheria hazijakosekana. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura 340, na Wakala wa Vipimo wa kuisimamia, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, zikilenga wakulima wa Nyandarua, Meru na Nakuru ambao magunia ya kilemba yaliwaumiza kwa miaka mingi. Pande zote mbili msako hufanyika, magunia hukamatwa, waandishi hupiga picha, kisha vilemba hurudi. Binafsi sioni ajabu. Ukimwadhibu mtu kwa ukubwa wa gunia huku nauli na ushuru vikiendelea kumzawadia kwa ukubwa huohuo, umemwachia hesabu rahisi ya kufanya.

Kwamba wakulima wetu hawawezi kupima ni hoja isiyosimama. Tazama maharage machanga ya kuuza nje, yale ambayo Wakenya huyaita mishiri, yanayolimwa Kirinyaga na upande huu Arusha. Kwa viwango vya kimataifa vinavyofuatwa Ulaya, harage jembamba sana halizidi unene wa milimita 6, na jembamba halizidi 9. Huchambuliwa moja moja mezani, hukatwa vikonyo, hupimwa na kupakiwa kwa gramu kabla ya kupanda ndege. Lililonenepa milimita moja zaidi hukataliwa, na mengi ya hayo huishia sokoni karibu na hapo, yakiuzwa kwa fungu. Kipimo kinafuata mnunuzi, na mnunuzi wa nje anakataa kulipia asichokijua.

Wa ndani wenye uwezo huo wapo: hoteli, shule za bweni, hospitali na maduka makubwa hununua kwa kilo, na mizani zao zinatakiwa kuhakikiwa na kupigwa chapa. Kaya ndizo zilizobaki kwenye fungu, na sidhani zitahama karibuni, kwani fungu la 500 linamfaa asiye na 3,000 ya kilo nzima wala friji ya kuhifadhia.

Pa kuanzia kuiondoa lumbesa ni barabarani. Lori la viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam hupita kwenye mizani za Makambako, Mikumi na Vigwaza. Kila mara hupimwa, kwa ajili ya kulinda lami, na dereva hupewa karatasi yenye uzito wake. Ukiondoa uzito wa gari tupu unapata kilo za viazi zilizopakiwa. Karatasi hiyo ingetosha kukokotoa ushuru na nauli kwa tani, bila mtu kuhesabu gunia hata moja, na kilemba kingekosa mshonaji kwa kukosa faida.