Bendera Yetu Ilipoungua Bahari Nyeusi

Tarehe 21 Januari 2019, karibu na mlango-bahari wa Kerch, meli mbili za shehena, Candy na Maestro, zilishika moto zikiwa zimefungwa ubavu kwa ubavu. Maofisa wa Urusi walieleza kwamba moja ilikuwa ikihamishia gesi kwenye nyingine. Gesi ya mitungi, kama hii tunayopikia, ikivuja haipai juu. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa sitahani na kujaa kila pembe mpaka ikutane na cheche. Mabaharia walijitupa baharini katikati ya majira ya baridi. Wengi wao walikuwa Waturuki na Wahindi, na watu wasiopungua 10 walikufa. Meli zote mbili zilipeperusha bendera ya Tanzania.

Mkulima wa mpunga wa Ubaruku ana haki ya kuuliza moto huo unamhusu nini, naye yuko mbali hivi na pwani. Unamhusu kwa sababu bendera ile ni yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema katika ibara ya 94 kwamba nchi yenye bendera ndiyo yenye jukumu la kusimamia uzima wa chombo na ujuzi wa mabaharia, na kuchunguza ajali iliyoua watu. Meli za nje husajiliwa kupitia Zanzibar, na mwenye meli anaweza kuipata bendera yetu bila chombo chake kutia nanga Unguja hata mara moja. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera hiyo kukamatwa na dawa za kulevya na vilipuzi, Rais John Magufuli alisimamisha usajili wa meli za nje na kuagiza zaidi ya meli 400 zichunguzwe. Mwaka mmoja baadaye ndipo Candy na Maestro zikaungua.

Wapo wanaosema ada za usajili ni fedha halali, na kwamba Panama na Liberia zinaishi kwa biashara hiyohiyo. Fedha ni halali, sikatai. Lakini Liberia ina wakaguzi katika bandari nyingi duniani, na bendera yake inaaminika Ulaya. Ya Tanzania imewekwa katika orodha nyeusi ya wakaguzi wa bandari za huko. Anayetoza ada bila kukagua anauza jina la nchi, na gharama yake wanailipa mabaharia. Wengine watasema wanaokufa huko si Watanzania. Meli ya abiria Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, Septemba 2011, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, waliokufa walikuwa ndugu zetu, na kilichokosekana ni usimamizi uleule. Ndiyo maana Bunge na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar yanapaswa kudai, kila mwaka na hadharani, orodha ya meli zenye bendera yetu, tarehe ambayo kila moja ilikaguliwa mara ya mwisho, na jina la aliyeikagua.