Polima ya Sola Ipimwe Pia Juu ya Bati la Mabwerebwere

Karibu kila paneli ya sola unayoiona juu ya bati, iwe Mabwerebwere, Kilosa mjini au Mikumi, mkoani Morogoro, ni ya silikoni iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400 na kufunikwa kwa kioo kizito. Wanakemia wanatafuta njia nyepesi: polima, yaani plastiki, inayofyonza mwanga, inayoyeyushwa ikawa kama wino na kupakwa juu ya utando mwembamba.

Plastiki ya ndoo haipitishi umeme. Polima hizi zinatofautiana nayo kwenye mnyororo wa kaboni: kifungo kimoja na kifungo maradufu hupokezana mwanzo hadi mwisho, hivyo elektroni hutandaa katika mnyororo badala ya kubanwa kati ya atomu mbili. Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha mwaka 1977 kwamba plastiki ya aina hii inaweza kupitisha umeme, wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000.

Ili polima ifyonze mwanga mwingi, mkemia hupanga vipande viwili kwa zamu: kimoja hutoa elektroni kwa urahisi, kingine huzivuta. Mpangilio huo hupunguza nishati inayohitajika kuipandisha elektroni, na polima ikaweza kutumia hata mwanga mwekundu. Vipande huunganishwa kwa kichocheo cha paladi, kisha polima huoshwa kwa vimiminika mbalimbali kuondoa minyororo mifupi na mabaki ya kichocheo, maana uchafu hunasa elektroni njiani. Kazi hii imefanyika jirani na kwetu: Wendimagegn Mammo na Shimelis Admassie wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya seli za sola za polima ya namna hii.

Mwanga ukipiga polima, huzaa jozi ya chaji hasi na chanya zilizoshikana. Jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa, kwa hiyo ni lazima ikutane mapema na kemikali nyingine ya kuipokea elektroni. Ndiyo maana vitu hivi viwili huchanganywa kama kande: kila punje ya mahindi ina harage karibu. Mchanganyiko hupakwa juu ya kioo kinachopitisha umeme, kwa unene wa nanomita 100 hivi, kisha hufunikwa kwa utando wa metali.

Maabara hupima seli chini ya taa ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli ikiwa na nyuzi 25. Tuseme inatoa volti 0.8 na miliampea 10 kwa sentimita ya mraba. Zao la namba hizo mbili ni miliwati 8, lakini ikibebeshwa mzigo tunapata, tuseme, asilimia 60 ya hizo, yaani 4.8. Mwanga ulioingia ni miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, basi ufanisi ni asilimia 4.8. Seli bora za maabara, ndogo kuliko ukucha, zimeshavuka asilimia 18.

Hata hivyo, paneli juu ya bati mchana hupita nyuzi 50. Joto huifanya kande yetu ijitenge, mahindi upande huu na maharage upande ule. Oksijeni na unyevu, vikisaidiwa na mwanga, hukata mpokezano wa vifungo. Rangi hupauka, na mkondo wa umeme hupungua pamoja nayo.

Kwa hiyo namba ya siku ya kwanza haitoshi. Naomba vyuo vyetu vifunge sampuli zilizozibwa vizuri juu ya paa huko Mabwerebwere, vipime volti, mkondo, joto na unyevu kila mwezi, tangu kiangazi hadi masika na kurudi tena. Vifaa vya upimaji huo si vya gharama kubwa, na majibu yake yatamfaa mkulima anayetaka kujua taa yake itawaka kwa miaka mingapi.