Difu: Mashine Inayopimwa kwa Unene wa Unywele

Je, wajua kwamba gari likizunguka kipilefti mzunguko mmoja kamili, gurudumu la nje hutembea takriban mita 9.4 zaidi ya la ndani? Ukubwa wa kipilefti haubadilishi kitu. Kiwe kidogo cha mtaani au kikubwa cha njia kuu, ziada ni ile ile, maadamu kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni mita 1.5. Anayebisha achukue kalamu. Toa mzingo wa duara la ndani kwenye mzingo wa duara la nje, kipilefti chenyewe kitajifuta kwenye hesabu na utabaki na upana wa gari tu, mara mbili, mara pai.

Mita hizo tisa na ushei lazima zitoke mahali. Magurudumu ya nyuma yangefungwa kwenye chuma kimoja, kila kona mojawapo lingeburuzwa kwenye lami, matairi yangeisha kabla ya wakati na shafti zingekuwa zinajinyonga. Anayeyaepusha hayo ni difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma ambalo mwenye gari halikumbuki mpaka siku lianze kulia.

Ndani yake hali iko hivi. Propela inaleta nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuzungusha gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni inauma gia kubwa ya duara, krauni. Krauni imefungwa kwa bolti kwenye nyumba ya chuma, na ndani ya nyumba hiyo zimo gia ndogo za kati zinazogusana na gia mbili za pembeni. Kila gia ya pembeni imeshika shafti ya gurudumu lake. Gari likienda moja kwa moja, gia za kati hazijizungushi, zinabebwa tu na nyumba yao. Gari likikata kona, zinaanza kujiviringisha, na hapo mzunguko unaoongezeka upande mmoja unapungua kiasi kile kile upande wa pili.

Jambo hili huonekana kwa macho. Weka ekseli ya nyuma juu ya stendi mbili imara (jeki peke yake haitoshi, usijaribu), zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, zima injini, acha gia ndani, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La upande wa pili litazunguka kinyumenyume. Hapo pia ndipo udhaifu wa difu ya kawaida ulipo: nguvu ya kusukuma inagawanywa sawasawa, kwa hiyo gurudumu moja likiwa kwenye tope lisiloshika kitu, lenzake kwenye ardhi kavu nalo linapata kiasi kidogo vilevile. La kwenye tope linazunguka kwa kasi maradufu ya krauni, la kwenye ardhi kavu limesimama, na wewe unaanza kutafuta watu wa kusukuma.

Difu ya namna hii ilipewa hataza Ufaransa mwaka 1827. Mbunifu wake, Onésiphore Pecqueur, alikuwa fundi saa, naye aliikusudia gari la mvuke. Mwaka 1877 James Starley wa Coventry, Uingereza, aliifikia kwa njia yake mwenyewe akiwa mtengenezaji wa baiskeli. Husimuliwa kwamba alikuwa ameketi na mwanawe kwenye chombo cha watu wawili, kila mmoja akikanyaga gurudumu la upande wake. Kijana alikuwa na nguvu kuliko baba, chombo kikapinda na kumtumbukiza mzee kwenye majani ya kuwasha. Ukweli wa majani hayo tuuache, lakini difu ya Starley ilikuwepo na ilifanya kazi.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Mfano mzuri ni Toyota Hilux yenye ekseli ngumu ya nyuma na krauni ya inchi 8. Uzuri wake kwa mtu wa nyumbani ni kwamba difu yote hutoka kwa mbele kama kipande kimoja. Unachomoa shafti, unafungua propela na nati za kuzunguka tumbo, kisha unaibeba mpaka mezani ukafanye kazi umesimama wima. Kuna ekseli za magari mengine ambazo sharti uzifanyie kazi hapo hapo uvunguni, umelala chali, oili ikikuchuruzikia kwapani. Anayejifunza asianzie huko.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mgonjwa ni difu. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, mara nyingi ni wa meno ya krauni na pinioni. Mngurumo usiojali mafuta, unaopanda na kushuka na mwendo, ni wa beringi. Ukisikia “ngo!” unapotoka rivasi kwenda mbele, anza na krosi za propela, yaani viungo vyake vinavyopinda. Ni rahisi kubadilisha, na difu nyingi zimefunguliwa bure kwa kosa la krosi.

Ukishafungua, hesabu meno. Utakuta, kwa mfano, krauni ina 41 na pinioni 10, yaani uwiano wa 4.1. Kwa nini wasingeweka 40 kwa 10, hesabu ikawa nyepesi? Kwa sababu kwa 40 na 10 kila jino la pinioni lingekutana na meno manne yale yale ya krauni maisha yake yote, na jino lenye hitilafu lingeendelea kuyala hayo manne. Kwa 41 na 10, jino la pinioni halirudii mwenzake mpaka pinioni izunguke mara 41, na kufikia hapo limeshakutana na meno yote ya krauni. Ulikaji unatawanyika. Hata hivyo, krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kuuzwa kama jozi. Ukichukua krauni ya gari hili na pinioni ya gari lile, umejitafutia mlio ambao hakuna fundi atakayeutoa.

Kuseti difu ni kuamua mambo manne: pinioni iingie ndani kiasi gani, beringi zake zibanwe kiasi gani, krauni iisogelee kiasi gani, na meno yagusane wapi. Yanategemeana, na hilo ndilo linalowachosha watu.

Kina cha pinioni huamuliwa na shimu, pete ya chuma inayokaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake kubwa. Shimu za Toyota hupishana kwa hatua za 0.03 mm hivi. Tatizo ni kwamba kila ukitaka kubadilisha shimu lazima uing’oe beringi iliyobanwa kwa presi, na beringi mpya haipendi kung’olewa mara tatu. Mafundi wazoefu hutunza beringi kuukuu ya aina ile ile, wakaisugua tundu lake kwa msasa mpaka iingie na kutoka kwa mkono. Hiyo ndiyo ya kujaribia. Mpya inapigwa presi mara moja tu, mwishoni.

Mbano wa beringi za pinioni hutokana na bomba jembamba la chuma linalofinyangika kadiri nati inavyokazwa. Linadai nguvu nyingi sana mwanzoni, kisha ghafla linakubali, na hapo ndipo watu hupitiliza. Ukipitiliza usilegeze nati kurudi nyuma, kwa sababu bomba lililofinyangika halirudi. Weka jipya. Kupima mbano si lazima kifaa cha gharama: zungushia uzi kwenye flanji ya pinioni (pale propela inapofungwa), vuta kwa mizani ya ndoano, usome wakati flanji inazunguka, si pale inapoanza kung’oka. Uzi ukiwa sentimita 5 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 2, hiyo ni kilo-sentimita 10, karibu nyutoni-mita 1. Linganisha na kitabu cha gari lako, ukijua kwamba beringi zilizokwisha kutumika hutakiwa takriban nusu ya mbano wa mpya.

Sasa krauni. Kofia za beringi za pembeni ziwekee alama kabla ya kuzifungua, maana zilichongwa pamoja na kasha la nje la difu na ya kushoto haiendi kulia. Kwenye difu hii kuna nati mbili kubwa zenye matundu, moja kila upande. Ukilegeza moja na kukaza nyingine kwa kiasi hicho hicho, krauni inasogea bila beringi kupoteza mbano. Bandika geji ya saa kwenye jino la krauni, shika pinioni isicheze, tikisa krauni. Mchezo unaotakiwa ni 0.13 hadi 0.18 mm, yaani unene wa nywele mbili hivi. Pima sehemu kadhaa za duara. Ukiwa mdogo mno, difu inachemka. Ukizidi, inagonga. Kusema “nimeusikia kwa mkono, uko sawa” ni maneno ya gereji. Mkono hauwezi kutofautisha 0.15 na 0.25, geji inaweza.

Hakimu wa mwisho ni rangi. Paka meno matatu au manne ya krauni rangi nzito isiyokauka (wengine huchanganya rangi ya mafuta ya wachoraji na grisi kidogo), mtu mmoja aizuie krauni kwa kipande cha ubao, mwingine azungushe flanji mbele na nyuma. Alama itakayobaki mahali rangi ilipokwanguliwa ndiyo inayosema. Ikikaa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali: ongeza shimu. Ikizama kwenye shina, iko karibu mno: punguza. Ikikimbilia upande wa ndani wa krauni, sogeza krauni mbali kidogo. Ikikimbilia upande wa nje, isogeze karibu. Inayotafutwa ni alama iliyotulia katikati ya kina cha jino, bila ukingo mkali. Usitegemee kuipata mara ya kwanza.

Oili nayo ina sababu yake. Mwaka 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia meno ya haipoidi, ambayo pinioni hukaa chini ya kitovu cha krauni. Propela ilishuka, na sakafu ya gari ikashuka nayo. Lakini meno ya namna hiyo hayabiringiki tu, yanateleza pia moja juu ya jingine kwa shinikizo kubwa, na oili ya injini haiwezi kuyatenganisha. Ndiyo maana difu za Hilux na nyingi za leo hudai oili ya GL-5, kwa kawaida 80W-90, ile yenye harufu kali ya salfa.

Neno kwa anayetaka kununua difu ya mtumba badala ya kuseti yake: ni uamuzi wa busara mara nyingi, hasa kama huna geji. Ila kwa gari la kuvuta miguu yote minne, uwiano wa nyuma na wa mbele lazima ulingane. Ukiweka 4.3 nyuma na 4.1 mbele, ekseli zitavutana siku utakapoingiza foo-wili barabarani.

Na ukiseti mwenyewe, safari ya kwanza iwe ya taratibu, kilomita 25 hivi, kisha acha difu ipoe kabisa kabla ya kuondoka tena. Usivute tela wala kubeba mzigo mzito kabla ya kilomita 800. Zikitimia, mwaga oili yote uweke mpya, hata kama iliyotoka inaonekana safi.