Ramani, Mazoea na Saa: Kwa Nini Hatufuati Njia ya Haraka?

Ukimwuliza mkazi wa mjini kwa nini hupita njia ileile kila siku, mara nyingi atajibu kwamba ndiyo fupi. Je, amewahi kuipima? Tukio moja la London linatusaidia kujibu.

Mwezi wa Februari 2014, wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za mji huo waligoma kwa siku mbili. Vituo vingi vilifungwa, vingine vikabaki wazi, na wasafiri wengi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kwenda kazini. Wanauchumi Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems walichunguza kumbukumbu za kadi za kielektroniki za kulipia nauli. Walikuta kwamba baada ya mgomo, takriban wasafiri 5 kwa kila 100 hawakurudia njia yao ya zamani. Walikuwa wameifuata siku zote, kumbe ilikuwapo nyingine iliyowafaa zaidi.

Kwa nini hawakuijua? Sababu moja ni ramani. Tangu 1933, ramani ya treni hizo hufuata mtindo wa Harry Beck: mistari imenyooshwa, na nafasi kati ya vituo hailingani na umbali halisi. Inasomeka kwa urahisi, lakini vituo jirani vinaweza kuonekana viko mbali. Watafiti hao waliona kwamba mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi katika sehemu ambazo ramani inazipotosha zaidi.

Hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapohusika. Ramani ni matini, na maelezo ya mdomo pia ni matini: «Shuka sokoni, kata kushoto, nyoosha mpaka kanisani.» Njia inayoelezeka kwa maneno machache hukaa kichwani upesi, ingawa wepesi wa kuieleza hausemi lolote kuhusu dakika zake.

Dakika si kila kitu. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetoka Katuba kwenda kampasi ya Kasapa anaweza kupendelea nauli ndogo, barabara isiyo na matope, au kusafiri pamoja na wenzake. Hizo ni sababu zinazotajika na kujadilika. «Nimezoea» haimo kati yake. Anayetaka kujua ajaribu njia ya pili kwa siku chache, akiondoka saa ileile, na aandike muda wa kila safari. Wasafiri wa London walisubiri mgomo uwalazimishe. Sisi hatuna haja ya kuungoja.