Majira Yetu ya Zambarau

Kila nifundishapo tafsiri, huwapa wanafunzi wangu kifungu kuhusu yale majira ya Ulaya ambapo miti hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutisha majani. Wako wanaoyaita vuli, na wako wanaoyaita demani. Wote hukosea. Vuli ni mvua zetu za Oktoba hadi Desemba. Demani ni kipindi cha mwisho wa kusi, wakijuacho mabaharia wa Pwani. Kiswahili hakina neno moja la majira hayo kwa sababu sisi wenyewe hatunayo. Huko Ulaya mchana hufupika na baridi huingia, ukijani wa jani ukatoweka na umanjano uliojificha ukadhihirika. Kwetu karibu na Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuiamrisha miti.

Hata hivyo, mtu asiseme kwamba bustani zetu hazina majira. Aingiaye Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi mwezi wa Oktoba atakuta kiangazi kimekwisha kuivua mijakaranda majani, na matawi matupu yamevikwa maua. Maua hayo yaangukapo, nyasi, viti na hata mabega ya waliokaa kujadili siasa hupambwa kwa zambarau.

Neno hilo lina funzo. Lugha yetu hupenda kuzipa rangi majina ya vitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, na zambarau ni tunda la mzambarau, mti uliotoka Asia ukapata uenyeji Pwani. Mjakaranda nao ulitoka Amerika Kusini. Bustani yenyewe ni zawadi ya mwaka 1906 ya A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi. Naam, wageni watatu, na leo wote ni wetu.

Lakini ni wetu endapo tunawajua. Mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee: palitakiwa pajengwe maegesho ya magari, na Zarina Patel, mjukuu wa mfadhili huyo, akawa mstari wa mbele kuitetea bustani. Waliotaka kujenga hawakuona bustani. Waliona kiwanja kitupu.

Juzi nilimwuliza mwanafunzi jina la mti uliokuwa ukimdondoshea maua kichwani. "Ni mti tu, Mwalimu," akajibu. Ndiye yuleyule aliyekuwa amenieleza darasani, bila kusita, jinsi miti ya Ulaya inavyopukutika.

Aonaye mti tu leo, kesho ataona kiwanja tu. Wahenga hawakukosea waliponena: asiyekujua hakuthamini.